Esigani wa Rondo

Shemeji yangu Ochoki alimuuliza Janelle swali moja tu, na chai yote ikapoa mezani.

Tulikuwa tumeketi sebuleni kwangu, hapa Nyacheki. Ilikuwa siku ya pili tangu mjukuu wangu Geoffrey afike kutoka Amerika pamoja na msichana anayetaka kumwoa. Geoffrey ni muuguzi huko, katika mji unaoitwa St. Paul. Baba yake, mwanangu, alishafariki, na mume wangu pia, kwa hiyo mkubwa wa boma letu sasa ni Ochoki, ndugu ya mume wangu. Mambo ya ardhi na ya ndoa yako mikononi mwake. Alikuja na wazee wenzake, amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumatatu.

"Wewe ni wa nani?" alimuuliza msichana.

Gesare, dada yake Geoffrey, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamarambe, na ndiye aliyekuwa akitafsiri. Janelle aliweka kikombe chini. Ni msichana mrefu, mweusi kama sisi. Angejifunga leso na kupanga foleni kwenye kituo cha majani chai, hakuna ambaye angegeuka kumtazama.

"Jina letu ni Whitfield," alisema. "Lakini si letu. Ni la mzungu aliyemmiliki babu wa babu yangu huko Misisipi. Kabla ya hapo hatujui tulikuwa nani. Waliotuuza hawakuandika."

Alisema hivyo bila kunung'unika, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Wazee walitazama vikombe vyao.

"Kwa hiyo hata jina ni la kuazima," Ochoki alisema.

"La kulazimishwa, Babu," Gesare alimwambia. "Si la kuazima."

"La kuazima au la kulazimishwa, ng'ombe wa mahari hawaendi kwa jina. Huenda kwenye boma la watu. Boma lina kaburi la babu, lina mpaka, lina jirani wa kutuambia kama hawa ni watu wazuri ama ni wachawi. Boma la huyu liko wapi?"

Ochoki si mtu mbaya. Kiangazi kile nilipovunjika mkono, yeye ndiye aliyetuma wanawe wakachuma majani chai yangu mpaka nikapona, na hajawahi kunikumbusha. Lakini akishashika neno la desturi halegezi.

Hapa kwetu ndoa haianzi bila esigani. Esigani ni mtu mzima anayetumwa kimyakimya kwenye boma la upande wa pili ili achunguze. Je, wana wizi? Wana ugonjwa wa kurithi? Wanakula na majirani, au majirani huzunguka mbali wakipita langoni kwao? Siku hizi vijana hukutana kwenye simu na esigani hufika wakati mtoto amekwisha kuzaliwa, lakini hufika.

"Jumapili tutakaa," Ochoki alisema. "Akipatikana esigani wa kusimama na kutuambia watu wa huyu binti ni nani, tutasikiliza. Asipopatikana, binti ni mgeni. Tutamchinjia kuku na kumsindikiza vizuri. Geoffrey akitaka waoane mbele ya serikali, simzuii. Lakini sitamwonyesha mahali pa kujenga hapa."

"Esigani nitakuwa mimi," nilisema.

Mzee Anyona alicheka ndani ya kikombe mpaka chai ikamrukia kwenye ndevu. "Mokeira, esigani hutembea kwa miguu. Utavuka bahari na hizo gambuti zako?"

"Nitatembea kwa masikio."

Ochoki hakucheka. "Usituletee hadithi za kutuliza mtu machozi, shemeji. Esigani husema na mabaya."

"Nitayasema."

Wageni walipoondoka, Janelle alikusanya vikombe vyote bila kuambiwa, akaviosha na kuvipanga kifudifudi kwenye ubao kama nipangavyo mimi. Alikuwa ameangalia ninavyofanya. Kisha akakaa kwenye kigoda jikoni na kumwomba Gesare atafsiri.

"Geoffrey anasema tunaweza kuoana St. Paul na mambo yaishe. Kwangu hayaishi. Watu wangu wamefungiwa milango ya kutosha. Siwezi kuolewa kwenye boma ambalo mkubwa wake amenikataa, halafu nizae watoto nao wakataliwe. Jumapili wakisema hapana, nitamrudishia Geoffrey pete kabla ya kupanda ndege."

"Geoffrey anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana hajala tangu mchana."

Kweli nilikuwa nimeona sahani ya matoke imerudi ilivyokwenda.

Kesho yake niliwachukua Janelle na Gesare shambani kabla umande haujakauka. Nilijua msichana hatasema mengi akiwa amekaa kwenye kiti akitazamwa. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Nilimwonyesha kuchuma majani mawili na kichipukizi, na jani gumu aliache. Mwanzoni alichuma kila kitu. Gesare alimtania kwamba kituoni watafikiri tumepeleka lishe ya mbuzi. Janelle akacheka na kuanza upya, polepole, na baada ya muda kikapu chake kilikuwa na majani yanayofaa.

Nami nikaanza kazi ya esigani.

"Kwenu mna uchawi?"

Gesare aliona haya kutafsiri, lakini nilimwambia atafsiri.

"Hapana, Magokoro," Janelle alijibu. Alishajifunza kuniita bibi kwa lugha yetu.

"Wizi?"

"Binamu yangu mmoja aliwahi kufungwa kwa ajili ya gari. Ametoka, sasa anapika kwenye hoteli."

Nilipenda alivyoniambia bila kuzungukazunguka. Nikamuuliza watu wake walifikaje St. Paul kama walikuwa wa Misisipi. Niwe mkweli, Amerika kwangu ilikuwa ni mahali pa theluji ambapo watoto wetu huenda kuwatunza wazee wa watu. Nilijua kuna watu weusi. Nimewaona kwenye televisheni wakikimbia na wakiimba. Sikuwahi kufikiri kwamba nao walihamia mijini kutoka mashambani, na kwamba lazima kuna mtu aliyewauzia nyumba au aliyekataa.

"Baba wa babu yangu aliitwa Ishmael," Janelle alisema. "Walilima pamba kwenye shamba la mtu. Wakimaliza kuvuna, mwenye shamba ndiye aliyepima, na mizani ni yake. Siku moja ndugu yake Ishmael alisema mizani inadanganya. Wakamtundika kwenye mti."

Niliacha kuchuma.

"Kwa sababu ya mizani," nilisema.

"Kwa sababu ya kusema. Ishmael akapanda gari la moshi kwenda kaskazini na hakurudi tena. Akapata kazi kwenye gari la moshi hilohilo, kubeba mizigo ya abiria na kuwatandikia vitanda. Abiria waliwaita wafanyakazi wote weusi jina moja, kama vile hawana majina. Yeye aliitika, akatabasamu, akajenga maisha. Akanunua nyumba kwenye mtaa unaoitwa Rondo."

"Kwa nini Rondo?"

"Ndipo waliporuhusu. Mitaa mingi, karatasi ya kiwanja iliandikwa kabisa kwamba isiuzwe kwa mtu mweusi. Kwa hiyo wote walikuja Rondo. Daktari, fundi viatu, mwalimu, mpiga deki, wote mtaa mmoja. Bibi yangu Earlene aliolewa kwenye nyumba ile na mtoto wa Ishmael akiwa na miaka kumi na minane. Hakumaliza mwaka. Barabara ikaja."

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi watu wa Nyacheki tumeomba barabara miaka mingi. Tumeiombea kanisani, tumemwimbia kila mwanasiasa, na mvua ikinyesha gari la majani chai bado hukwama na majani huharibikia kituoni. Kwa hiyo nilitabasamu na kusema, "Angalau mlipata barabara. Hiyo ni baraka."

Gesare alisita, kisha akatafsiri. Janelle alinitazama, wala hakukasirika. Alitua kikapu chini.

"Haikuja kwetu, Magokoro. Ilipita juu yetu."

Akanieleza. Ilikuwa barabara ya magari ya kasi, pana kuliko shamba langu lote, ya kuwapeleka watu wa nje ya mji kazini na kuwarudisha jioni. Wakubwa walitandaza ramani, wakapitisha mstari katikati ya Rondo. Mamia ya familia waliambiwa waondoke. Makanisa yakabomolewa, na maduka, na vinyozi. Nyumba ya Ishmael ilikuwa kwenye mstari. Asubuhi ya siku ya kubomolewa Ishmael alijaza ndoo maji na kupiga deki nyumba nzima, chumba baada ya chumba, mpaka ngazi za nje. Alisema hataki mtu aseme aliikuta chafu.

Niliketi chini kati ya michai. Nikawaza nikiwa bibi harusi, mwaka haujaisha, na mtu anakuja na kamba kupima jiko ambalo ndiyo kwanza nimejua kuni hukaa wapi.

"Halafu?"

"Halafu walitawanyika. Babu yangu alianza kunywa. Pombe ikamuua. Bibi alilea watoto peke yake kwa kufua nguo za hospitali. Hilo nalo uwaambie wazee. Ulisema utasema mabaya."

"Nitasema."

Geoffrey alitukuta tukirudi. Nilipomwuliza kama anaijua barabara hiyo, alisimama na baiskeli mkononi. "Ndiyo ninayopita kwenda kazini kila siku," alisema. "Nilipita miaka mitatu kabla Janelle hajaniambia chini yake kuna nini."

Lakini esigani haamini upande mmoja. Lazima aulize jirani. Alhamisi tulishuka Ogembo, mimi na Gesare, nikaenda kwa Ubah. Ubah anauza vitambaa na sukari karibu na stendi, na familia yake imefanya biashara hapo tangu nikiwa msichana. Wakati wa njaa ile ya mwaka wa mvua ya mawe, mama yake alitupa unga na hakuandika popote. Nilikumbuka kwamba dada yake Ubah alihamia upande wa St. Paul kitambo.

"Mama Mokeira, leo umekuja kununua ama kuangalia tu?" Ubah aliniuliza.

"Leo nimekuja kupeleleza."

Nilipomweleza alifunga kidaftari chake cha mauzo, akanivutia kiti, akampigia dada yake papo hapo. Kule ilikuwa bado alfajiri. Dada alikuwa ameamka kuswali, na hakuonyesha kwamba tumemsumbua. Alisema barabara anaijua, lakini habari za Rondo hajui. Akaomba tumpe mpaka kesho.

Ijumaa alasiri Ubah alinitumia mwendesha boda boda aje anichukue, na nauli akalipa yeye. Sauti ya dada yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa amemuuliza mama mmoja mzee anayeishi kwenye jengo lao. Mama yule alimshika mkono akamketisha kitandani kwake na kumsimulia mpaka chakula cha jioni kikapita. Alizaliwa Rondo. Alimkumbuka Ishmael Whitfield, mtu mrefu aliyewapa watoto peremende alizorudi nazo safarini.

"Na amesema kitu kingine," sauti ya dada ilisema. "Kila mwaka mwezi wa saba hurudi. Waliobaki, na watoto, na wajukuu. Wanaandamana na ngoma, wanapika, wanaonyeshana nyumba zilipokuwa. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii na nilifikiri ni sherehe ya muziki tu."

Ubah alinifungia sukari kwenye gazeti, akakataa nilipofungua leso ya pesa. "Ya kumpikia chai yule msichana," alisema.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulienda kanisani. Sikumsikia mhubiri vizuri. Nilikuwa nikipanga maneno.

Jumapili saa tisa wazee walikuja, na wake zao wakajaa mlangoni na kwenye madirisha. Geoffrey hakuruhusiwa kusema, maana hilo si jambo la bwana harusi. Alikaa pembeni akikunja na kukunjua kofia yake. Janelle alivaa kitenge alichoazimwa na Gesare na kuketi wima.

Nilisimama. Nilisema nilivyosikia, kuanzia pamba mpaka barabara. Nilipofika kwenye mizani, Anyona, aliyekuwa akichekacheka, aliacha. Hapa kila mtu amewahi kusimama mbele ya mizani ya kituo na kilo zake na kunyamaza.

"Alisema mizani inadanganya?" Anyona aliuliza.

"Alisema."

"Mbele ya mwenye mizani?"

"Mbele yake."

Anyona alitikisa kichwa polepole. "Huyo alikuwa mwanamume."

Nikasema mabaya pia. Binamu aliyefungwa, babu aliyeuawa na pombe. Nikasema nimeuliza jirani kupitia kwa watu wa Ogembo, na jirani amewataja vizuri. Kisha nikaketi.

Ochoki alikuwa akisikiliza macho yamefumba. "Umefanya kazi nzuri, shemeji," alisema. "Lakini boma bado sijaliona. Umeniambia nyumba ilikuwepo, haipo. Mtaa ulikuwepo, haupo. Ng'ombe nimpeleke kwenye lami?"

Nilimwona Janelle akishika pete yake kwa vidole vya mkono wa pili, akiizungusha. Geoffrey aliinuka nusu, Gesare akamkalisha kwa macho.

"Bibi yake yupo hai," nilisema. "Muulize mwenyewe."

Tulikuwa tumepanga hivyo na Janelle. Gesare alipiga simu ya picha na kuisimamisha mbele ya kopo la maua. Kule kulikuwa kunapambazuka. Alitokea mama mzee, amefunga kichwa kitambaa cha kulalia, kikombe mkononi, ameketi karibu na dirisha lenye theluji.

"Huyo ndiye mwenye maswali?" aliuliza, na Gesare akatafsiri.

"Mwambie ni mkubwa wa boma," Ochoki alisema.

"Mwambie mkubwa wa boma asogee, namwona pua tu."

Wanawake mlangoni walicheka. Ochoki alisogeza kiti.

"Mama, nakusalimu. Mtu akiwa na boma, anajua majirani zake. Majirani zenu walikuwa nani?"

Earlene aliweka kikombe chini. Alifumba macho na kunyoosha mkono mbele yake, kama anayetembea gizani kwenye nyumba anayoijua. Akaanza kwenye kona. Kona palikuwa na kinyozi mwenye jicho moja. Alifuatiwa na mjane aliyeoka mikate ya viazi vitamu na kuwapa wagonjwa. Kisha nyumba ya mpiga piano, aliyewaudhi wote usiku isipokuwa Jumapili. Kisha mwalimu mwenye mabinti watano, watatu warembo na wawili wenye akili, na mmoja kati ya wale wenye akili alikuwa ndiye mrembo kuliko wote. Kisha kanisa. Kisha mti ambao watoto walikatazwa kuupanda na wote waliupanda. Kisha nyumba ya Ishmael, yenye ngazi za mbele zilizopakwa rangi ya kijivu. Akavuka akarudi upande wa pili, nyumba kwa nyumba, akimtaja kila mwenye nyumba, nani alikuwa mkarimu, nani mchoyo, nani alimkopesha nani sufuria na haikurudi.

Gesare alitafsiri kwa haraka, kisha kwa sauti ya chini, kisha akawa anataja majina tu.

Wazee walikuwa wameinama mbele. Nasi kwetu tunakujua hivyo hivyo. Mtoto wa hapa akiulizwa kwao, husimama ukingoni na kuhesabu maboma ya kilima kizima kwa kidole, kutoka mtoni mpaka juu, na anayekosea huambiwa si wa hapa. Mama yule hakukosea. Alitembea barabara ambayo haipo na hakuruka mlango hata mmoja.

Alipomaliza alifungua macho. "Sasa mimi," alisema.

"Wewe nini?" Ochoki aliuliza.

"Nami nina maswali. Ama kwenu huuliza upande mmoja?"

Ochoki alimgeukia Anyona. Anyona alikuna ndevu. "Kwa desturi," alisema, "kila upande hutuma esigani wake."

"Basi esigani wa upande wangu ni mimi," Earlene alisema. "Huyu Geoffrey nimemchunguza, ananipikia mboga chungu na kukaa mpaka nimalize. Ni ninyi siwajui. Mnakunywa?"

Wazee wawili walianza kukagua viatu vyao.

"Wengine," Ochoki alisema.

"Na wewe, mkubwa, unampiga mkeo?"

Mke wa Ochoki alijibu mwenyewe kutoka dirishani, hata kabla Gesare hajamaliza. "Mwambie hapigi. Hununa tu."

Hata Janelle alicheka, akiwa hajui kilichosemwa, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inacheka. Ochoki alingoja kicheko kiishe. Alikuwa ameanza kutokwa na jasho.

"Swali la mwisho," Earlene alisema. "Mmekaa hapo tangu lini?"

Hilo Ochoki alilipenda. Aliketi vizuri, akavuta koti, akaanza kama wanavyosimulia wazee wetu. Watu wetu walitoka mbali, wakapita Mlima Elgon, wakafika Kano kwenye tambarare. Kano hawakukaa. Wakapanda Kabianga, na Kabianga baridi ikaua nafaka ya wimbi, ng'ombe wakafa, watoto wakafa. Wakafukuzwa. Wakashuka, wakavamiwa, wakafukuzwa tena. Babu wa babu yake alifika kwenye kilima hiki akiwa amebebwa mgongoni na mama yake, baba ameachwa njiani bila kaburi, na watu waliokuwa hapa...

Aliliachia koti.

"Walifanya nini?" Earlene aliuliza.

"Walitupokea," Ochoki alisema.

"Waliwauliza ninyi ni nani?"

"Nadhani waliona tuna njaa."

"Kwa hiyo nanyi mlifika na mizigo yenu kichwani."

"Hapana, mama. Tulifika bila mizigo."

Nilimtazama shemeji yangu. Nimemjua miaka mingi, na sijawahi kumwona amekaa hivyo, mikono wazi juu ya magoti kama mtu aliyetua kitu.

Earlene alisogeza uso karibu na simu. "Baba, sikukasirika kuulizwa. Usidhani. Watu wa barabara walikuja na kamba na vigingi, wakapima jikoni kwangu nikiwa nimesimama na mwiko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza sisi ni nani. Nimengoja zaidi ya miaka sitini, baba. Leo nimeamka mapema, nikaulizwa."

Gesare alipotafsiri hayo alishindwa kumalizia mara moja, akalazimika kurudia.

Ochoki aliinuka. Alivua kofia. "Boma lao lipo," aliwaambia wazee. "Limefunikwa na lami, lakini lipo, na huyu mama amelishika lote kichwani. Mimi Ochoki nasema esigani amerudi na habari njema. Mwenye neno aseme sasa."

Anyona alisema, "Neno langu ni moja. Kama ndivyo wanavyotaja majirani, mimi naogopa kuwa jirani yao."

Vigelegele vilianzia dirishani kwa mke wa Ochoki na kuzunguka nyumba. Geoffrey alikuwa ameziba uso kwa kofia. Janelle alimwuliza Gesare, "Wamesema nini? Wamesema nini?" na Gesare alikuwa akilia sana hata akashindwa kujibu, ikabidi mimi, kwa Kiingereza changu kidogo, nimwambie, "Yes. Yes, mama."

Basi Ochoki akamwuliza Earlene ng'ombe wa mahari watapelekwaje.

"Niwaweke wapi ng'ombe?" Earlene alisema. "Nipo ghorofa ya nne."

Wazee wakashauriana kwa dakika moja, kwa uzito kama kesi. Ikaamuliwa kwamba ndama jike wa Ochoki, yule mwenye paji jeupe, atakuwa wa Earlene kuanzia saa hiyo, atachungwa hapa, na watakaozaliwa naye ni wa Earlene pia, na asiuzwe wala kuchinjwa bila kuulizwa St. Paul.

"Nataka kumwona," Earlene alisema.

Hivyo tukatoka wote. Gesare alitangulia na simu ameiinua juu, Ochoki nyuma yake bila kofia, kisha wazee, kisha wanawake wakiimba wimbo wa kumpokea bibi harusi, na Janelle katikati yao ameshikwa mikono yote miwili, viatu vyake vyeupe vikizama kwenye tope la njia yetu. Nilimwona mke wa Ochoki akivua gambuti zake mwenyewe na kumpa, kisha akaendelea kuimba peku. Tuliteremka kupitia migomba mpaka zizini. Gesare aliigeuza simu.

Kule St. Paul mama mzee alivaa miwani na kumtazama ndama kwa muda mrefu. Ndama naye akainua kichwa.

"Amekonda," Earlene alisema.

"Mwambie ndivyo aina yake ilivyo," Ochoki alisema kwa haraka.

"Mwambie amlishe. Nitapiga simu kila Jumapili kuangalia."

Ochoki alitutazama sisi, kisha simu, kisha ndama. "Mwambie sawa," alisema, akamtuma mwanawe akate majani.